Jicho la mtoto linaloingia ndani na kurudi: lini miwani, lini upasuaji

SWALI. Mama mmoja wa Morogoro anaeleza kuwa binti yake wa miaka 3 na nusu alianza kuingiza jicho la kushoto upande wa pua miezi 3 iliyopita, mara tu baada ya kuugua homa. Haliingii muda wote. Asubuhi macho yamenyooka, lakini jioni, au akikodolea katuni kwenye simu, jicho linakimbilia puani kisha linarudi. Kliniki ya kwanza walimwambia mtoto atakua na makengeza yataisha. Ya pili walitaka kumpangia upasuaji siku hiyohiyo. Anauliza amsikilize nani, na upasuaji wenyewe unafanywaje.

JIBU. Mama, kwa maelezo yako, wote wawili wametoa uamuzi kabla ya kipimo ambacho ndicho kinachoamua. Hukusema popote kwamba mtoto aliwekewa matone ya kupanua mboni, akasubirishwa, kisha akapimwa miwani. Bila hapo hakuna anayeweza kujua kama binti yako ni wa miwani, wa kisu, au wa vyote viwili. Kwa hiyo usikubali tarehe ya upasuaji kwanza, wala usirudi nyumbani kungoja.

Kauli ya "yataisha yenyewe" ina ukweli kwa kichanga tu. Katika wiki za mwanzo macho ya mtoto huyumba na hata kukutana puani kwa sekunde chache, na hilo halina shida. Akishafikisha miezi 4, jicho linaloingia ndani, hata kwa vipindi, linahitaji kuonwa. Kwa miaka 3 na nusu hakuna cha kusubiri: ubongo wa umri huu hujifunza haraka kulipuuza jicho lililopinda, na kadiri vipindi vinavyorefuka ndivyo uwezo wa kutumia macho mawili kwa pamoja unavyopotea.

Wapo watoto wanaoonekana na makengeza ilhali hawana. Pua ikiwa bapa na ngozi ya kona ya ndani ya jicho ikiwa imefunika weupe wa upande huo, mtoto akitazama pembeni kidogo utaapa jicho limezama puani. Njia ya kutofautisha ni kutazama nukta ya mwanga. Mpige picha yenye mmweko ukiwa umbali wa kama mita 1, akiitazama kamera sawasawa. Nukta nyeupe ya mwanga ikikaa katikati ya mboni zote mbili, macho yamenyooka wakati ule. Ikiwa katikati kwenye jicho la kulia lakini kwenye la kushoto imesogea upande wa sikio, jicho hilo limeingia ndani. Kila milimita 1 ya kusogea ni kama daiopta 15 za prizimu (kioo cha pembetatu kinachopinda mwanga), ambayo ndiyo mizani ya kupimia makengeza. Kwa mtoto kama wako ambaye jicho linakwenda na kurudi, picha ya asubuhi inaweza kukudanganya, kwa hiyo piga kadhaa, hasa za jioni na za anapotazama kitu kidogo cha karibu.

Sasa kwa nini linaingia. Sababu ya kawaida kabisa kwa makengeza yanayoanza kati ya miaka 2 na 4, tena kwa vipindi, ni mtoto kuwa na namba kubwa za kujumlisha: umbo la jicho linaangusha taswira nyuma ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na ili aone vizuri lazima akaze msuli mdogo ulio ndani ya jicho unaolenga, yaani unaoiweka taswira sawasawa. Maumbile yamefunga kazi hiyo pamoja na nyingine: kila tunapolenga karibu, macho hukaribiana. Mwenye namba za +4 au +5 hulazimika kulenga hata akitazama mbali, na akishika kitabu hulenga maradufu, basi macho yanavutwa ndani kupita kiasi. Ubongo unaweza kuyazuia kwa muda. Akichoka, akiwa na usingizi au akiugua, kizuizi hulegea. Ndiyo maana wazazi wengi husema "yalianza baada ya homa". Homa huwa imefichua tu kilichokuwepo.

Lakini kabla ya kuegemea maelezo hayo, kuna dalili ambazo mtoto akiwa nazo hasubiri foleni ya miwani. Mboni inayong'aa nyeupe au njano kwenye picha, jicho moja tu, inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto au mtoto wa jicho, na makengeza huwa ndiyo dalili ya pili kwa wingi katika saratani hiyo. Mpeleke wiki hiyohiyo. Makengeza yaliyozuka ghafla pamoja na maumivu ya kichwa, kutapika asubuhi, kuyumba anapotembea, au jicho lisiloweza kabisa kutoka kuelekea sikioni, yanaashiria tatizo la neva au shinikizo ndani ya kichwa, na hapo anahitaji hospitali kubwa siku hiyo. Mtoto anayegeuza kichwa upande mmoja ili aone naye aangaliwe mapema.

Kipimo kinachoamua

Kliniki nzuri huanza kwa kupima uwezo wa kila jicho peke yake. Kwa umri wa binti yako hutumia picha au herufi chache za kulinganisha na kadi aliyopewa mkononi, jicho jingine likizibwa kwa bandeji, si kwa kiganja, maana watoto huchungulia kati ya vidole. Kisha hufuata kipimo cha kufunika na kufunua, yaani jicho moja hufunikwa kisha hufunuliwa ili kuona kama macho yanahama, mbali kwa mita 6 na karibu kwa sentimita 33. Hapa angalia kitu kimoja: mtoto anaonyeshwa nini? Akionyeshwa tochi, hana haja ya kulenga, na makengeza ya kulenga hayatatokea. Lazima apewe kipicha chenye vitu vidogo na aulizwe maswali, "sungura amevaa kofia ya rangi gani?", ili alenge kweli. Watoto wengi huambiwa "hana kitu" kwa sababu tu walipimwa kwa tochi, asubuhi, wakiwa wamelala vizuri. Mpimaji huweka prizimu mbele ya jicho na kuongeza nguvu yake mpaka jicho liache kuhama, na namba hiyo ndiyo ukubwa wa makengeza.

Baada ya hapo ndipo yanakuja matone. Siklopentoleti 1% huwekwa tone 1 kila jicho, linarudiwa baada ya dakika 5, kisha mnasubiri dakika 30 hadi 45. Macho yetu meusi hunyonya dawa na kuchelewa kulegea, hivyo anayepima baada ya dakika 15 atapata namba pungufu. Kwa makengeza ya kuingia ndani wataalamu wengi hupendelea atropini 1%, ambayo mzazi huiweka nyumbani kwa siku 3 kabla ya kipimo. Ukipewa hiyo, bana kona ya ndani ya jicho, karibu na pua, kwa dakika 1 hadi 2 kila unapoweka, ili dawa isiteremke kooni. Uso ukiwa mwekundu, mwili ukichemka, mdomo ukikauka, moyo ukienda mbio au mtoto akiweweseka, acha na umpeleke hospitali. Na chupa ifungiwe: matone machache ya atropini yakinywewa na mtoto ni sumu. Mboni zitabaki zimepanuka hadi wiki 2, jua litamsumbua, hiyo ni kawaida.

Macho yakishalegea mtaalamu hupima kwa retinoskopu, mwanga unaosogezwa mbele ya mboni huku akibadili lenzi mkononi. Mashine ya kompyuta peke yake haitoshi kwa mtoto huyu. Wakati huohuo hutazama retina na neva ya jicho kwa nyuma. Asipotazama huko, kipimo hakijakamilika.

Miwani kamili, muda wote

Akipatikana na +5.00, apewe +5.00. Hapa ndipo mambo huharibika mara nyingi. Mpimaji aliyezoea watu wazima huona namba ni kubwa, anamhurumia mtoto, anaandika +3.00 "azoee kwanza". Zile daiopta 2 (hapa ni nguvu ya lenzi, si za prizimu) zilizobaki mtoto anaendelea kuzikaza mwenyewe, jicho linaendelea kuingia, na baada ya miezi michache anahesabiwa kuwa miwani imeshindwa, apelekwe kisuni.

Fremu ikae puani bila kuteleza, iwe na kamba ya nyuma au ndoana za masikio, na kioo kifunike mpaka usawa wa nyusi. Fremu ikishuka mtoto huchungulia juu yake, na hapo ni sawa na kutovaa. Lenzi ziwe za plastiki ngumu isiyopasuka. Ataivaa tangu anaamka hadi analala. Wiki mbili za kwanza anaweza kuikataa kwa sababu msuli umezoea kukaza na mbali panaonekana na ukungu. Daktari anaweza kumwongezea atropini kwa siku chache ili msuli ukubali kupumzika.

Jambo moja litakushtua, na ni heri ulijue sasa. Baada ya wiki kadhaa za miwani, siku utakapoivua wakati wa kuoga, jicho litaingia ndani kuliko lilivyokuwa mwanzo. Wazazi husema "miwani imemharibu" na kuitupa kabatini. Haijamharibu. Amezoea kuona vizuri bila kujizuia, akivuliwa anakaza kwa nguvu zote na kizuizi hakipo tena. Kinachopimwa ni macho yakiwa ndani ya miwani.

Mpe wiki 6 hadi 12 za uvaaji wa kweli, kisha apimwe upya. Macho yakinyooka mbali na karibu kwa miwani, habari ya upasuaji imeisha. Usikubali mtu akimpasua mtoto wa namna hii ili "aachane na miwani". Yakinyooka mbali lakini karibu bado yanaingia kwa tofauti ya daiopta 10 za prizimu au zaidi, hupewa lenzi za sehemu mbili, ya chini ikiwa na nyongeza ya +2.50 hadi +3.00, na mstari wake ukate katikati ya mboni. Duka la miwani likiuweka chini kama wa mzee anayesoma gazeti, mtoto hatautumia hata siku moja. Na jicho la kushoto likionekana kuona kidogo kuliko la kulia, yaani limekuwa jicho vivu, la kulia lizibwe: saa 2 kwa siku kwa upungufu wa wastani, hadi saa 6 kwa mkubwa. Kazi hii ianze kabla ya upasuaji wowote, kwa sababu jicho lisiloona vizuri halishikilii mahali lilipowekwa.

Nikupe na kioja kimoja. Kuna makengeza yanayofuata saa: siku moja macho yamenyooka kabisa, siku inayofuata jicho limeingia kutwa nzima, tena kwa mpangilio wa saa 48 unaorudi kama zamu. Ni machache sana, huanza pia katika umri huu, na familia huhisi inachanganyikiwa. Weka alama kwenye kalenda kwa wiki 2. Ukiona mpangilio huo mwonyeshe daktari, maana makengeza hayo hupasuliwa kwa kipimo cha siku mbaya, na matokeo yake huwa mazuri.

Lini kisu, na kwa kiasi gani

Upasuaji ni kwa kile kinachobaki baada ya miwani kamili. Kikibaki cha daiopta 15 za prizimu au zaidi, mara nyingine hata kuanzia 10 kama macho yanashindwa kushirikiana, hapo kuchelewa hakufai tena. Tuseme binti yako bila miwani anapimwa 45, na kwa miwani anabaki na 20. Kinachorekebishwa ni 20. Mpasuaji akirekebisha 45 mtoto atapendeza siku ile bila miwani, kisha siku akivaa, au miaka michache baadaye, jicho linatoka nje kuelekea sikioni. Wapo wapasuaji wanaoongeza kidogo juu ya 20, kwa kuchukua wastani wa kipimo cha karibu akiwa na miwani na akiwa hana, kwa sababu aina hii ina tabia ya kubakiza makengeza. Ni uamuzi unaoeleweka, muulize wako anafuata hesabu gani. Kipimo kirudiwe angalau mara mbili kwa siku tofauti na namba zikubaliane.

Mtoto ambaye matone yameonyesha namba ndogo, tuseme chini ya +1.50, miwani haitamnyoosha. Huyo hupasuliwa mapema zaidi, ila baada ya daktari kujiridhisha kwamba neva na kichwa viko salama.

Hesabu yenyewe hufanywa kwa milimita. Msuli wa ndani, yaani wa upande wa pua, umejishika kwenye ukuta mweupe wa jicho, milimita 5.5 kutoka ukingo wa konea, kioo cha mbele cha jicho. Ukirudishwa nyuma unalegea na mvuto wake unapungua. Kwa daiopta 20, msuli wa ndani wa kila jicho hurudishwa milimita 3.5. Kwa 30 ni milimita 4.5, kwa 40 ni 5.5, kwa 50 ni 6. Unaona jinsi nusu milimita ilivyo na uzito. Wazazi huuliza kwa nini yapasuliwe macho yote mawili ilhali linaloingia ni la kushoto. Macho hufanya kazi kwa jozi na marekebisho hugawanywa pande zote. Lakini jicho la kushoto likiwa vivu sana, wengi huliacha lililo zima na kufanya kazi yote kwa la kushoto: msuli wa ndani kurudishwa 3.5 na wa nje kufupishwa kama milimita 5.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Jicho halitolewi nje, na hakuna kinachoingia ndani ya mboni. Hofu hiyo imewarudisha wengi nyumbani.

Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, yaani nusu kaputi, akiwa hajala chakula kwa saa 6. Maji matupu anaweza kunywa hadi saa 2 kabla, kama daktari wa usingizi ameruhusu. Mwambie daktari huyo kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupatwa na joto kali au kufa katika usingizi wa upasuaji, kwa sababu kuna hitilafu ya misuli inayorithiwa ambayo huamshwa na dawa kama halotani na suksametoniamu. Akiwa na mafua mazito au homa, ahirisha.

Jicho husafishwa kwa povidoni ayodini 5%. Mpasuaji hukata mpasuko mdogo kwenye utando wa nje, mara nyingi chini upande wa pua ambako kope litaufunika, huingiza ndoano, huudaka msuli na kuusafisha. Uzi mwembamba unaoyeyuka, namba 6-0, hufungwa kingo zote mbili za msuli kabla haujakatwa. Hatua hii ndiyo bima: msuli ukikatwa bila kufungwa vizuri unarudi nyuma ya jicho, na kuutafuta huko ni balaa. Kisha hukatwa, hupimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia urefu, milimita zilizopangwa, na hushonwa mahali papya. Sindano hupita ndani ya unene wa ukuta mweupe, ambao nyuma tu ya mshiko wa msuli una milimita 0.3. Ikizama inatoboa jicho, ikipita juujuu mno msuli unaachia. Ndiyo sababu uulize mpasuaji hufanya makengeza ya watoto mara ngapi, bila kuona haya.

Wakati msuli unavutwa, moyo wa mtoto unaweza kupunguza mapigo ghafla. Mtaalamu wa usingizi anasema "achia", mpasuaji analegeza, mapigo yanarudi. Yasiporudi, huchomwa atropini kwenye mshipa. Kazi nzima kwa misuli miwili ni kama saa 1, na watoto wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kutapika baada ya upasuaji huu ni kwingi kuliko baada ya upasuaji mwingi mwingine wa watoto, hivyo uliza kama dawa ya kuzuia imepangwa.

Baada ya hapo

Macho yatakuwa mekundu wiki 2 hadi 3, machozi ya siku ya kwanza yatakuwa na damu kidogo. Parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kila saa 6 inatosha wengi. Matone ya antibayotiki na steroidi huendelea wiki 1 hadi 2. Asiogelee wala kucheza mchanga kwa wiki 2 hadi 4. Anaweza kusema anaona vitu viwili kwa siku kadhaa. Na miwani irudi usoni kesho yake, kwa sababu upasuaji umehesabiwa juu yake.

Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, kope kuvimba, usaha, homa au uoni kushuka, hasa ndani ya wiki ya kwanza, ni dharura. Jicho ambalo ghafla haliwezi kugeukia puani na limetoka nje huenda msuli wake umeteleza, na hilo hurudishwa chumba cha upasuaji mapema, halingojei kliniki ya mwezi ujao.

Matokeo husomwa vizuri baada ya wiki 6. Jicho likiwa bado linaingia, kwanza apimwe miwani upya kwa matone kabla ya mtu kutaja upasuaji wa pili. Mara nyingi namba zilikuwa zimejificha. Likitoka nje kidogo, daktari anaweza kupunguza namba za kujumlisha taratibu ili kulenga kulivute ndani. Wengine huhitaji kurudi mezani, na hilo si lazima liwe kosa la mtu: misuli hupona kwa namna yake. Kliniki ziendelee kila miezi 3 hadi 6 mpaka afikishe miaka 8 au zaidi, kwa sababu jicho vivu linaweza kurudi kimyakimya ndani ya jicho lililonyooka.

Kwa ulipo wewe, hospitali zenye idara za macho za kushughulikia watoto zilizo karibu ni Muhimbili na CCBRT, Dar es Salaam. Wa kaskazini huenda KCMC, Moshi. Chukua video za jicho likiwa limeingia, picha zake za utotoni, na miwani yoyote aliyowahi kupewa. Omba apimwe mchana akiwa amechoka. Kama kliniki ni ya asubuhi tu, mwamshe mapema, asisinzie garini, na mpe kitabu chenye picha ndogondogo mkisubiri zamu.